Nyumba ya Mtaa wa Sikukuu

Kanuni ile aliitunga Harshida mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Kundi lao la wapenda majengo ya zamani, watu wa kuzunguka mjini Jumapili na kamera shingoni, lilikuwa na wiki yake mtandaoni, yaani tovuti inayoandikwa na wanachama wote, na kila mmoja aliandika alivyojisikia. Jengo moja likawa na kurasa tatu, kila ukurasa na jina lake. Harshida akachoka. "Kuanzia leo," akawaandikia, "ukurasa utaitwa jina wanalolitumia watu wa mtaani sasa hivi. Si la zamani, si la kwenye hati." Wote wakaafiki.

Hakuifikiria nyumba ya kwao.

Nyumba hiyo ipo Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Babu yake aliijenga na kuandika kwa saruji juu ya mlango: Zarna Nivas, yaani makazi ya Zarna. Zarna alikuwa bintiye, dada wa Devendra, baba yake Harshida, na surua ilimchukua angali mtoto. Serikali ilipotaifisha majumba, familia ikahamia Upanga, na yale maandishi yakapakwa rangi juu ya rangi hadi yakamezwa. Akaja mpangaji kutoka Kilimanjaro, Mzee Elisaria, akafungua duka la vifungo na zipu. Watu wakapaita Kwa Elisaria mpaka leo.

Sasa Devendra alikuwa hoi kwa maradhi ya figo, hatoki ndani. Siku moja akaomba kuiona nyumba yao. Harshida akamfungulia ukurasa kwenye simu. Mzee akasoma jina, akaisukuma simu pembeni.

"Umekosea, binti. Hii si yetu."

"Ndiyo yenyewe, Papa. Angalia roshani."

"Elisaria ni nani?"

Akamweleza. Mzee akasikiliza, kisha akageukia ukutani. "Zarna hana hata picha moja," alisema. "Alikuwa na ile nyumba tu."

Kesho yake Harshida akapenya katikati ya mikokoteni hadi dukani kwa Jovin, mtoto wa marehemu Elisaria, ambaye naye ni mwanachama wa kundi.

"Mambo, Harshida?"

"Si poa. Jovin, naomba ukurasa mmoja tu tuuite Zarna Nivas. Baba yangu anaondoka."

Jovin akaacha kupanga zipu. "Juzi tu mwenzetu wa kundini, Sadalla, alilia na jina la nyumba ya bibi yake, ukamkatalia."

"Najua."

"Na mzee wangu ameshaondoka. Msibani ulikuja. Watu wakisema tukutane Kwa Elisaria, hapo ndipo namsikia. Unataka niliondoe mimi?"

Harshida akarudi Upanga. Angeweza kulibadilisha jina la ukurasa mwenyewe, uwezo huo alikuwa nao. Aliliandika jina la shangazi yake, akalitazama, akalifuta.

Devendra hakuitaja tena nyumba ile. Masika yalipoanza, akafariki.

Walipokwisha kuuchoma mwili wake kwa desturi yao, Jovin alifika Upanga akiwa amelowa chapachapa. Alikaa ukingoni mwa kochi.

"Nimeongea na wenzetu," alisema. "Wamekubali. Iitwe Zarna Nivas. Mimi ndiye niliyewaomba."

Harshida akatikisa kichwa. "Asante, Jovin. Iache hivyo hivyo."

"Kweli?"

"Nilitaka Papa alisome."

Jovin akainamisha macho. Akamuuliza Harshida kama amekula chochote. Hakuwa amekula. Jovin akaenda jikoni kumchemshia chai.