Mkoba Uliobaki

Mtaani walimwita Chapchap, na jina halikumwonea. Alikuwa msusi mwenye mikono isiyotulia, na nyumba yake aliiendesha vilevile anavyosuka. Mama yake alipohamia kwake, kumbukumbu zikiwa zimeanza kumtoroka, Chapchap alitazama kile chumba kidogo akaona mikoba tu: juu ya kabati, chini ya kitanda, kwenye misumari nyuma ya mlango.

"Mama, utalala wewe au italala mikoba? Tupunguze."

"Punguza, mwanangu," mama alisema. Siku hizo alikubali kila kitu.

Chapchap akapunguza kama anavyojua yeye. Alimpa muuza mitumba wa pale kona mikoba yote, akamnunulia mama mkoba mmoja mpya, wa bluu, mzuri kweli, akatia humo miwani, chanuo na kadi ya kliniki. Sasa mama hapotezi kitu! Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia Chapchap akamsikia?

Asubuhi ya kliniki alimkuta mama ameketi kitandani, amevaa tayari, mkoba wa bluu mapajani.

"Haya mama, twende."

"Wapi?"

"Kliniki, mama. Jana si nilikwambia?"

"Kliniki ni mkoba wa kahawia," mama alisema taratibu, kama mtoto anayeogopa kukosea. "Sokoni ule wa ukili. Harusini mwekundu. Msibani mweusi. Huu ni wa wapi?"

Chapchap aligeuka akatazama misumari mitupu nyuma ya mlango. Kumbe mama, akili ilipoanza kumtupa, alijitafutia njia bila kumsumbua mtu. Kila jioni, angali anakumbuka, aliutundika mlangoni mkoba wa safari ya kesho. Asubuhi mkoba ulimkumbusha. Na yeye, binti mwema, alikuwa ameigawa akili ya mama yake pale kona.

Alikimbia na ndala zake.

"Dada, mali ilikwenda kama maji," muuza mitumba alisema. "Umebaki huu tu. Mweusi haukupata mtu."

Akaukumbatia. Si haba, alijiambia, mmoja ni mmoja.

Mama alipouona, uso ulimnyauka. Aliupokea kwa mikono miwili, akaufungua, akatoa leso.

"Nani, mwanangu?"

"Hakuna, mama. Wote wazima."

"Usinifiche. Ni nani?"

Chapchap alijaribu kuuchukua. Mama akaung'ang'ania: angeendaje msibani mikono mitupu? Chapchap akampigia simu kaka yake, mama akaisikia sauti ya mwanawe. Akampigia mama mdogo pia, naye akacheka, akamtania dada yake. Mama alishukuru, akafuta machozi, akatulia. Chapchap akashusha pumzi.

Kisha macho ya mama yakashuka mapajani, yakaukuta mkoba.

"Nani, mwanangu?"