Karani wa Tangini

Mzee Optatus alikuwa hajanywa maji tangu juzi asubuhi, na sababu aliitoa bila kupepesa macho: ndani ya tangi la uani mlikuwa na maiti, na aliyeitumbukiza ni yeye.

"Nilimsukuma Karani Dadi," alimwambia bintiye Veridiana. "Nikafunga mfuniko. Niitieni polisi."

Jamani! Mwalimu aliyefundisha Makote miaka thelathini na mbili, ambaye hata kuku wa Krismasi alimwomba jirani amchinjie, leo anajiita muuaji! Kumbukumbu zilikuwa zikimtoka tangu mwaka jana. Alianza kusahau majina ya wajukuu, kisha njia ya kanisani. Hayo Veridiana aliyazoea. Hili la maji lilimtisha. Alimnunulia ya chupa, akayasukuma. Alimpikia uji, akauliza maji yametoka wapi. Na Makote maji ni yale ya mvua yanayokingwa kwenye bati na kutunzwa tangini, chini ya ardhi. Ukilikataa tangi umekataa kila kitu. Mganga wa zahanati alimtazama mzee midomo, akasema asipokunywa mpaka jioni wampeleke hospitali, na kwa umri ule hawezi kuahidi kitu.

Karani Dadi. Veridiana alilitafuna jina hilo akiwa jikoni, na mara mwiko ukamdondoka. Alilijua! Alilisoma akiwa darasa la sita, kwa kujificha, kwenye kitabu chembamba chenye jalada jekundu: karani wa ghala la korosho, mrefu, koti jeupe, anakutwa amekufa tangini. Riwaya ya upelelezi. Na aliyeiandika, akiwa kijana, ni baba yake mwenyewe.

Kitabu kile kilikaa kwenye sanduku la bati pamoja na riwaya nyingine za upelelezi za zamani hizo. Na sanduku, ole wake, lilikuwa Nanganga kwa Hamidu.

Hapa lazima tumseme Veridiana, maana kosa ni lake. Mama yake alipofariki, miaka mitatu iliyopita, Hamidu mtani wao alifanya kama watani wafanyavyo msibani: akaigiza marehemu anavyogomba, akawachekesha waliokuwa wakilia, kisha akabeba sanduku la bati kichwani akaondoka nalo. Ada ni kulikomboa kwa jogoo siku ya arobaini, mkacheka, yakaisha. Veridiana alikuwa na uchungu, utani haukumwingia. "Mwizi mkubwa! Jogoo wangu hampati," alisema. Hakwenda arobaini ile, wala mwaka ule, wala uliofuata.

Sasa alimwacha mzee na jirani yake Rose, akakamata jogoo mwekundu, akapanda pikipiki hadi Newala, akateremka Masasi, akasonga mpaka Nanganga. Njia nzima alikuwa akiomba Mungu, jogoo kwapani, na kila saa akimpigia Rose. Jibu lilikuwa lile lile: hajanywa.

Hamidu alikuwa barabarani na mkewe Somoe, wanauza karanga. Veridiana aliziona zile karanga zimefungwa kwenye karatasi za manjano zenye maandishi madogo, akajua mara moja zimetoka wapi.

"Shikamoo Baba Faidha," alimwamkia Hamidu.

"Marahaba. Kumbe mna jogoo kwenu? Nilidhani mmeshakula mpaka vifaranga."

Hakuweza kucheka. Alimweleza yote palepale, machozi yakimtoka. Hamidu aliacha mzaha.

"Ungekuja arobaini ungevikuta vyote," alisema. "Vya mwanzo Somoe alifungia karanga. Siku moja nikafungua kimoja, weee! Nilikosa swala ya Ijumaa kwa kutaka kujua nani kaua. Toka siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Vitabu vitamu namna ile vinaozea sandukuni, nchi nzima imevisahau!"

Jalada jekundu lilikuwepo. Jina la baba yake lilikuwepo. Kurasa ishirini za mwisho hazikuwepo, zilikwenda na karanga kabla Hamidu hajafungua macho. Veridiana alikikumbatia hivyohivyo, jogoo bado kwapani, na Hamidu akachukua kanzu yake akamfuata.

Walifika jua likiwa limeinama. Mzee alikuwa kitini, macho yameingia ndani, ulimi mzito. Veridiana alipiga magoti akamsomea ukurasa wa kwanza, akamwonyesha jalada.

"Unaona baba? Ni hadithi. Umeitunga wewe."

Mzee aligusa jina lake kwa kidole.

"Basi mmepata ushahidi," alisema. "Nilikiri tangu zamani. Mpeni polisi."

Lo! Dawa imegeuka sumu. Veridiana alitaka kupiga kelele. Alikuwa amekwenda mbio hadi Nanganga kumletea baba yake kamba ya kujinyongea. Alifungua kurasa za nyuma akitafuta jina la muuaji wa kweli, akasahau kwamba hazipo, akakuta uzi mtupu wa mshono.

Nje ndoo iligonga zege. Mlango ukasukumwa, akaingia Hamidu amevaa kanzu nyeupe, amelowa kuanzia kichwani mpaka nyayo, maji yanatiririka sakafuni.

"Optatus!" aliunguruma. "Mimi Karani Dadi! Miaka yote hii umeniacha tangini, hata taulo hukuleta? Mtu gani mchoyo hivi!"

Veridiana aliziba mdomo. Rose alisema "Mama yangu!" Mzee Optatus alimkodolea macho yule mtu, toka juu mpaka chini, hadi Veridiana akahisi moyo wa baba yake utasimama na wake utafuata.

"Mwongo," mzee alisema.

"Mwongo ni wewe!"

"Mwongo mkubwa we! Dadi hakuwa kibete. Dadi nilimwandika mrefu."

Alisita. Alitazama kitabu mapajani, akatazama tena yale maji sakafuni.

"Nilimwandika," alirudia polepole. Kisha akacheka, kicheko kikavu kilichomkwaruza koo mpaka akakohoa. "Nipeni maji."

Alikunywa vikombe viwili. Cha tatu alikishika mwenyewe, na Veridiana akalia kwa sauti bila aibu.

Baadaye Veridiana alimfuata Hamidu uani, akamkuta anakamua kanzu huku meno yakigongana kwa upepo wa Makote.

"Na kesho akisahau tena?" alimnong'oneza.

"Basi kesho nitalowa tena," Hamidu alisema. "Jogoo wangu uko naye?"