Kinga ya Chuma ya Mama Cheche

Juu ya mlango wa karakana yake Mama Cheche alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: CHUMA CHANGU HAKIACHII. Waliodhani ni majigambo ya biashara tu hawakuwahi kulala kwenye kitanda alichokichomelea yeye. Kitanda cha Mama Cheche kilibeba ndoa, watoto, ugomvi na suluhu yake, na mguu mmoja usilie. Geti lake liliwahi kugongwa na lori, na kilichopelekwa gereji siku ile kilikuwa lori. Mwenyewe alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alijisifu bila kupandisha sauti, kama mtu anayekutajia saa.

Sehemu kubwa ya sifa hizo ilikuwa haki ya gunia. Lilikaa nyuma ya mlango, limejaa mchanga, zito kuliko mwanamume yeyote wa mtaa ule. Ngazi ya Mama Cheche haikupandwa na mtu kabla haijapandwa na gunia. Bembea ya watoto haikukaliwa na mtoto kabla gunia halijabembea nusu siku, huku wapita njia wakicheka.

"Gunia halina mama," alikuwa akisema. "Likianguka hakuna msiba."

Sasa binti yake, aliyeitwa Mshale kwa kasi ya mkono wake, alikuwa mrushaji wa timu ya softboli ya wasichana. Mrushaji husimama katikati ya uwanja, hurusha mpira kutoka chini ya kiuno, na mpigaji huusubiri na gongo lake. Ukishautoa mkononi, wewe ndiwe uliye karibu zaidi mbele ya hilo gongo, huna cha kujikinga isipokuwa glavu moja, na mpira ukirudi hurudi na hasira kuliko ulivyokwenda. Na mpira wenyewe usikudanganye kwa umbo lake la balungi. Ni mgumu kama gogo.

Mwezi mmoja kabla ya fainali mpira ulirudi hivyo, ukapita kando ya sikio la Mshale, ukamwachia upepo. Mshale alicheka. Kocha hakucheka. Kocha huyo alikuwa shangazi yake, yaani wifi yake Mama Cheche, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni hata akienda sokoni, na mawifi hawa wawili walikuwa wakitaniana tangu siku ya harusi bila mmoja kukubali kushindwa. Wiki ile ile Kocha alileta kinga za uso: fremu nyepesi za plastiki, sponji nene kwa ndani, mikanda nyuma. Mrushaji na wote wanaosimama karibu na mpigaji wavae, alisema, na asiyevaa hachezi.

Mama Cheche aliichukua moja, akaibana kwa vidole viwili. Ikabonyea.

"Wifi, hii ni kinga au chujio la chai?"

"Ni kinga, wifi. Imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo."

"Na mimi nimetengenezwa kwa kazi gani? Uso ule nimeuzaa mimi. Siufungii chujio."

Ukweli ni kwamba aliogopa. Ule upepo uliopita sikioni mwa mtoto ulikuwa umemwingia yeye kifuani na haukutoka. Lakini Mama Cheche hakuwa na mazoea ya kusema naogopa. Alipoogopa alifanya kazi.

Akakunja nondo nyembamba, akazichomelea, akalainisha kila kiungo kwa msasa mpaka ukipitisha shavu huoni mahali pa kukwaruza. Akapaka rangi nyeusi, na kwenye paji la uso akachomelea mshale mdogo uliong'aa. Ndani akabandika kitambaa ili chuma kisimpe mtoto baridi. Kisha akaiweka juu ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia, akaitandika nyundo kwa nguvu zake zote. Nyundo iliruka. Kinga haikupata hata alama.

"Haya," akamwambia mumewe, "huo mpira uje sasa."

Mumewe, ambaye alijifunza zamani kuwa mke wake akisema haya jibu ni haya, alisema haya.

Mshale aliivaa mazoezini na siku ile hakuna aliyezungumzia kitu kingine. Alionekana kama shujaa aliyetoka vitani na anarudi tena kesho. Kufikia jioni wasichana wanne walikuwa wameagiza za kwao, na Mama Cheche alikuwa ameshakata nondo. Kinga za plastiki zikabaki kwenye mfuko wa vifaa. Nani avae chujio mbele ya watu?

Kocha akapuliza filimbi. "Mwenye chuma usoni kwangu hachezi."

"Basi sichezi," Mshale akajibu, kidevu juu.

Timu bila Mshale ilikuwa kama sufuria bila kitako, na fainali ilikuwa Jumamosi. Ndiyo maana Ijumaa, watoto walipotoka shule, kundi zima liliingia karakana kwa kelele, shangazi mtu akiwa mbele, mfuko wa vifaa begani.

"Shikamoo, Mama Cheche!"

"Marahaba. Msiguse hicho, kina moto. Na hicho pia. Karibu, wifi. Umekuja kuomba msamaha?"

"Nimekuja kuuliza swali moja tu." Kocha aliichukua ile kinga nyeusi, akaigeuza huku na huku. "Kazi safi. Sijawahi kusema hujui kazi. Umeipima?"

"Nimeipiga nyundo juu ya fuawe. Waulize majirani kama walilala mchana ule."

"Nyundo nimeisikia. Mimi naulizia gunia."

Mama Cheche aligeuka. Gunia lilikuwa pale pale nyuma ya mlango, linamtazama. Ngazi za watu wote zilipimwa. Vitanda vya wageni vilipimwa. Kitu cha mwanawe wa kumzaa kilikwenda moja kwa moja usoni, kwa sababu alikuwa na haraka ya kutoogopa.

"Mganga hajigangi," Kocha akasema, safari hii bila utani.

"Nivae mimi!" Mshale akaruka mbele. "Nivae, shangazi anipige mpira hapa hapa, muone!"

"Wewe," mama yake akasema, "una mama. Kaa pale."

Akaangaza macho kutafuta kitu cha ukubwa wa kichwa. Bahati mbaya yake, mumewe ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka sokoni, tikiti kwapa hili na tikiti kwapa lile, uso umejaa matumaini.

"Baba Mshale, leta hayo."

"Haya ni ya kula."

"Yatalika."

Tikiti la kwanza likakalishwa juu ya pipa, likavishwa kinga ya chuma, mikanda ikakazwa. Lilipendeza. Mmoja wa wasichana alilipigia saluti. Mama Cheche akampa Mshale mpira, akamrudisha mpaka getini. "Rusha kama unamrushia adui. Usimwonee huruma, hajakusaidia kazi ya nyumbani hata siku moja."

Mshale akazungusha mkono. Mpira ukagonga katikati kabisa, karakana ikalia kengele. Tikiti halikuanguka hata kutoka juu ya pipa. Wasichana wakapiga vigelegele, Mama Cheche akaenda kwa mwendo wa bibi harusi, akapitisha kidole kwenye nondo. Hazikupinda, hazikuachia, rangi tu ilichubuka kidogo.

"Mmeona? Nasema mmeo..."

Maji mekundu yalikuwa yanatiririka ubavuni mwa pipa.

Alifungua mikanda polepole. Pale nondo zilipokuwa zimeegemea, tikiti lilikuwa limepasuka, nyufa tatu zilizokutana katikati, mahali ambapo mtu ana pua. Chuma hakikuachia kitu. Pigo lote kililopewa kilimpelekea aliyekuwa nyuma yake.

Mama Cheche alisimama na kinga mkononi, akihamisha macho kutoka kwenye nyufa hadi kwenye pua ya Mshale.

"Lilikuwa limeiva mno," Mshale akasema haraka. Alimwona mama yake anavyotazama na hakupenda. "Mama, tikiti limeiva mno hilo. Mimi sina kichwa cha tikiti."

Ilikuwa njia ya kutokea, tena pana, na imefunguliwa na mtoto mwenyewe. Wasichana wote walikuwa tayari kuipita pamoja naye. Mumewe alikuwa tayari. Hata Kocha, kwa heshima ya wifi, aligeuka akajifanya anakagua madirisha. Mama Cheche aliitazama njia hiyo kwa tamaa. Nitakuwa mwongo nikisema hakuitamani.

"Leteni chujio," akasema.

Tikiti la pili likavishwa kinga ya plastiki. Mshale akarusha, na kwa kuwa alikuwa na hasira, alirusha vibaya zaidi kuliko mara ya kwanza, yaani vizuri zaidi. Kulisikika kishindo kidogo cha kitu kinachovunjika. Fremu ilibonyea, ubavu mmoja ukapata ufa kutoka juu hadi chini. Mama Cheche akaivua. Akalizungusha tikiti mikononi, akalipapasa kila upande kama anavyopapasa kichwa cha mtoto mwenye homa. Lilikuwa zima.

"Imekufa hii," mmoja wa wasichana akanong'ona.

"Ndiyo," akasema Mama Cheche. "Imekufa, aliyeivaa hajafa." Akageuka, akawatazama wote, na sauti yake ikawa ile ile ya siku zote, sauti ya kutaja saa. "Sikilizeni niwaambie, kwa sababu mimi ndiye fundi hapa na hakuna atakayewaambia vizuri kunizidi. Nimekosea. Geti nalitengeneza lisibonyee, kwa sababu nyuma ya geti kuna ua. Hii kinga nimeitengeneza kama geti, na nyuma yake hakuna ua, kuna pua. Wanne mlioagiza, hamna oda. Na kesho atakayeingia uwanjani bila ya plastiki atapitia kwangu kwanza."

Akaibana kinga nyeusi kwenye jiriwa, akawasha mashine ya kukatia vyuma, akaikata vipande viwili pale kwenye ule mshale unaong'aa. Cheche ziliruka mpaka dirishani. Mshale alilia machozi ya hasira. Ile kinga aliipenda, na alimpenda mama asiyekosea, na vyote viwili vilikatwa jioni moja.

"Sivai chujio," akasema baada ya kelele kunyamaza. "Watanicheka."

Mama Cheche akachukua ukutani kinga yake ya kuchomelea, ile aliyoshusha usoni kila siku tangu kabla Mshale hajazaliwa, akamwekea mtoto mikononi.

"Gonga."

Mshale akagonga kwa kucha. Ilitoa sauti hafifu.

"Ni plastiki," akasema, kwa mshangao wa mtu aliyekiona kitu maisha yake yote bila kukitambua.

"Ni plastiki. Na macho haya ninayokutazamia yamekaa nyuma yake miaka yote. Umewahi kumsikia mtu akinicheka?"

Mshale alifikiri. Hakuwahi.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mama Cheche alikaa mbele, mumewe pembeni akila tikiti zima, maana lile lililopasuka waligawana na wasichana jana yake. Mshale alisimama katikati ya uwanja na kinga mpya ya plastiki usoni, na upande wa pili walikuwepo waliocheka, kweli. Akawarushia mpaka wakaacha.

Mchezo ulipokaribia mwisho, timu yetu ikiongoza kwa pointi moja, aliingia mpigaji mmoja mwenye mikono mirefu. Akaukuta mpira katikati ya gongo. Mama Cheche hakuuona unarudi. Alisikia tu: kile kishindo kidogo, kile kile cha karakana. Mshale akaenda chini kwa goti moja.

Watu waliokuwa karibu wanasema Mama Cheche hakupita kwenye mlango wa uwanja. Uzio wenyewe alikuwa ameuchomelea yeye, kwa hiyo alijua pa kuweka mguu. Alipofika, Kocha alikuwa ameshapiga magoti, amemvua mtoto kinga, anamwuliza leo ni siku gani na wanacheza na nani. Mshale alijibu yote, tena kwa ukali.

"Niko sawa! Niacheni nimalize! Bado wapigaji wawili tu!"

"Unatoka," Kocha akasema. "Aliyepigwa kichwani anatoka, hata akiimba. Na kabla ya kwenda nyumbani tunapita kwa daktari."

"Mama! Mwambie!"

Mama Cheche alikuwa ameushika ule uso kwa viganja vyote viwili. Akapitisha kidole gumba puani, chini ya macho, kwenye mashavu, kama anavyokagua kiungo. Hapakuwa na alama hata moja.

"Shangazi yako amesema unatoka. Toka."

Waliomalizia mchezo walikuwa wengine, na walishinda, na Mshale alinung'unika njia nzima mpaka kwa daktari, aliyempima na kumwambia apumzike, akanung'unika kurudi. Kocha alitaka kuitupa ile kinga iliyopasuka. Mama Cheche akainyang'anya.

Jumatatu aliitundika kwa msumari juu ya mlango, chini kabisa ya maandishi mekundu. Mteja wa kwanza, bwana mmoja aliyekuja kufuata ngazi yake, akaitazama, akatazama maandishi, akacheka.

"Mama Cheche, chuma chako hakiachii, na hiki kilichopasuka je?"

Mama Cheche alikuwa analivuta gunia kwa kamba, analipandisha ngazi hiyo. Alilitua juu kabisa, akasikiliza kama kuna kiungo kinacholia, akaridhika.

"Hicho si changu," akasema. "Ila ndicho kitu bora kilichomo humu ndani. Kilipasuka badala ya mwanangu."