Seva Iliyoshtakiwa kwa Ukabila

Mwaka wa tisini na sita, katika kliniki moja ya macho mjini Homa Bay, kompyuta ilishtakiwa kwa ukabila. Mlalamishi alikuwa mzee Obare, muuza samaki, aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi akingoja faili yake itokee kwenye kioo cha kompyuta. Mbele ya macho yake yaleyale mabovu, Mniko, mchuuzi wa Kikuria kutoka Migori aliyefika baadaye, aliitwa, akatibiwa, akaaga.

"Mashine ya nyar Kuria inajua watu wake!" Obare alitangaza. Benchi zima likaitikia kama kwaya.

Nyar Kuria, yaani binti wa Kikuria, alikuwa Nyangi, mtunza seva, ile kompyuta kuu ya kliniki, mzaliwa wa Suna. Sista Marcella, mkuu wa kliniki, alimjia ameshika rozari kama mtu aliyeshika kiboko.

"Nyangi, mwanangu, watu wanasema unapendelea. Saa sita ikitukuta hivi, seva naifunga kwenye sanduku, tunarudia kadi za karatasi. Nawe utarudi Suna."

"Haitafika huko, Sista."

Alisema hivyo kwa ujasiri ambao hakuwa nao. Wiki nzima alikuwa amefuta faili kuukuu, akaiongezea seva kumbukumbu, akapangusa hata feni. Seva ilipokea heshima zote hizo, ikaendelea kujikokota. Sasa aliamua kuacha kubahatisha na kupima. Saa yake ya mkononi ilikuwa imekufa, basi akapima kwa Baba Yetu.

Akaandika "Mniko". Hakufika "uliye mbinguni", faili ikatokea. "Mokaya", vivyo hivyo. "Nyangi", papo hapo, aibu iliyoje! "Obare": alisali hadi amina, akaanza upya, akawasamehe wote waliomkosea, na bado kioo kilikuwa kitupu. "Awino" naye nusura amtie majaribuni.

"Unasali?" Sista aliuliza, akianza kuwa na matumaini.

"Napima, Sista."

Kisha akacheka peke yake. Aliyeunda programu huko Nairobi aligawa majina katika droo, kila herufi ya kwanza na droo yake, na ndani ya droo seva ilisoma jina moja moja. Wazo zuri, kama hujawahi kufika Homa Bay kwa Wajaluo, ambako karibu kila mwanamume anaanza na O na kila mwanamke na A. Ndani ya M watu wachache walikuwa wakipunga hewa. O ilikuwa bweni la kidato cha kwanza.

Dawa ilikuwa kugawa kwa herufi tatu za kwanza. Lakini ili kupanga droo upya, seva ilibidi isimame kabisa.

"Uisimamishe? Na watu hawa?"

"Nikiiacha, Sista, saa sita itatukuta vilevile."

Akaisimamisha. Benchi likanguruma. Obare akauliza kama mashine imeenda kwao Kuria kushauriana. Nyangi hakugeuka. Kengele ya kanisa ilipoanza kulia saa sita, Sista alikuwa mlangoni na sanduku lake, na kazi ya kupanga ikaisha.

Nyangi akaandika "Obare". Baba yetu...

"Mzee Obare!"

Mzee ndiyo kwanza alikuwa anachovya andazi kwenye chai. "Ngoja basi, nyar Kuria! Hata sijala!"

"Umengoja tangu asubuhi, mzee. Daktari anakuita."

Akainuka, andazi mkononi, amekasirika kwelikweli. "Sasa mtu atalalamikia nini hapa?"

Sista Marcella akalirudisha sanduku stoo.