Pleti Kavu

Odeta hakuwa msemaji, na pale gereji ya Mabatini walishamzoea. Ukimwuliza jambo, anakujibu huku anaangalia spana. Alikuwa ametengeneza breki hadi vumbi lake likawa halimtoki kwenye kucha, na alichokitaka ni giaboksi. Asubuhi ile Fundi Masele, mwenye gereji, alimwonyesha gari dogo la Mzee Rwehumbiza wa Kiseke. Giaboksi yake ilikuwa ya klachi mbili: moja ikiachia gia, nyingine inapokea inayofuata. Sasa kupokeana huko kulikuwa kumeharibika, na likipanda mlima gari lilitetemeka kama mtu mwenye homa.

"Hii ni yako," Masele alimwambia. "Ikitoka getini ikarudi na ugonjwa wake, na wewe unarudi kwenye breki."

Kisha akaenda Magu kufuata lori lililokwama.

Odeta na fundi mwenzake, Mihayo, waliishusha giaboksi wakailaza juu ya tairi kuukuu, mdomo ukitazama juu. Odeta alifungua kifuniko, akatoa pete kwa koleo, akaingiza kulabu mbili za waya mnene na kuivuta ngoma yenye klachi zote mbili. Aliivuta wima, polepole, akishusha pumzi pale tu ilipotoka. Pleti za zamani, zile sahani nyembamba za klachi zinazoshikana, akazipanga juu ya boksi lililokunjuliwa, kwa mfuatano wake. Zilikuwa nyeusi kama ukoko.

Zilipofika pleti mpya, mkono ulitangulia kichwa. Gereji ile ilikulia kwenye malori, na klachi ya lori ikiguswa na oili inateleza, basi. Kila aliyeingia pale alifundishwa kuosha pleti kwa petroli na kuzifuta mpaka kidole kitoke safi. Odeta aliziosha, akazianika juani, akazipanga ndani ya ngoma na kufunga kifuniko. Mihayo akampigia simu Masele kumwambia kazi imeisha.

Alipoinua lile boksi akalitupe, lilichanika mkononi. Lilikuwa limelowa oili chapachapa pale pleti za zamani zilipolala. Odeta akasimama. Klachi ya lori inaishi pakavu. Hii ilikuwa inaoga oili humo ndani. Zikishikana kavu namna ile, zitaungua kabla gari halijafika barabara kuu.

Alimweleza Mihayo, kwa sauti ndogo.

"Dada, oili itazifikia gari likiwashwa," Mihayo alisema. "Tena nani atajua?"

Odeta alichukua koleo.

Mzee Rwehumbiza alikuja kuchukua gari lake akaikuta giaboksi wazi. Odeta alimwamkia, na macho yakiwa kwenye koleo akamwambia gari halitoki leo. Mzee alisema mengi, kuhusu ahadi na kuhusu mafundi wa siku hizi. Odeta aliyasikiliza yote huku anamimina oili mpya kwenye karai. Akazizamisha pleti moja moja, akaziacha mpaka vipovu vikakoma kupanda.

Masele alirudi zikiwa bado zimelala humo. Akauliza mbona kazi iliyoisha imefunguliwa. Mihayo akakohoa na kuinamia tairi.

Safari hii Odeta aliinua macho. "Nilizifunga kavu, Fundi, kama za lori. Nimefungua nianze upya."

Masele alilitazama karai, kisha akaenda kunawa.

Kesho yake Odeta aliliendesha gari mwenyewe, Masele pembeni, mzee nyuma. Kwenye mlima wa Kiseke gia zilipokeana bila mtetemo, na mzee aliyekuwa akinung'unika tangu Mabatini akaanza kusimulia habari za kwaya ya kanisani kwao. Walimwachia gari nyumbani kwake, wakarudi kwa bajaji.

Gereji, lile lori la Magu lilikuwa linasubiri breki. Odeta, kwa mazoea, akaliendea na jeki.

"Acha," Masele alisema. "Breki atafanya Mihayo. Wewe lioshe lile karai, ulitunze. Tutalihitaji."