Mahudhurio ya Saa Kumi

Tangu mke wangu Aol afariki, na darasa la watu wazima pale kambi ya polisi lifungwe, nilikuwa nimekaa miezi minane bila mtu kuniita mwalimu. Cheti changu cha masomo ya jioni bado kiko ukutani. Nilikipata nikiwa sajini wa polisi, nikisoma baada ya zamu, kisha nikawafundisha askari wapya Kiswahili miaka kumi na saba. Nikaamua kutafuta jukwaa la kufundishia kwenye simu, mahali ambapo mwalimu asiye na shule anaweza kupata wanafunzi.

Nilinunua daftari, nikaanza ukaguzi. Jukwaa la kwanza lilitaka nijirekodi nikizungumza na ukuta. Nikaandika: halina watu. La pili lilikuwa na watu maelfu, wote wakituma vidole gumba, wala hakuna aliyeuliza swali. Nikaandika: soko. Likabaki la tatu, lenye vikundi vidogo vya masomo. Hili nalo likishindwa, nilijiambia, chaki naiweka chini.

Jirani yangu hapa mtaa wa Nateete, Nafuna, Mkenya muuza mitumba, ndiye aliyenisaidia kujisajili.

"Afande, weka picha basi."

"Ya nini? Wanakuja kusoma, siyo kuposa."

"Na hiyo tai uliyoipiga pasi utaivaa ya nini, kama hawakuoni?"

"Mimi najiona."

Wakajiandikisha tisa. Jumamosi, saa kumi kamili alasiri, nilikaa mezani na tai yangu, nikafungua darasa na rejista. Kwetu polisi somo halianzi kabla ya kuita majina, na asiyeitika hayupo, hata kama unamwona kwa macho.

"Atim."

Kimya.

"Faustino."

Kimya. Niliwaita wote tisa, nikarudia. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na viduara tisa, kila kimoja na herufi yake, vimetulia kama vifungo vya koti. Nikaandika kwa wino mwekundu "hayupo" mara tisa, nikasema darasa limefutwa, nikazima. Katika daftari la ukaguzi niliandika: hakuna mtu popote.

Jumapili alasiri Nafuna akaja kuuliza darasa lilikwendaje.

"Hawakuja."

Akachukua simu, akaifungua. "Hiki kibahasha hapa chini hukukigusa?"

"Sikuambiwa nikiguse."

Alianza kucheka, akaacha. Akanipa nisome.

Atim: Nipo, mwalimu.

Faustino: Nipo. Hapa tunaandika tu, vipaza sauti vyetu vimezimwa.

Wote tisa walikuwa wameitika, wengine mara mbili. Wa mwisho alikuwa Goretti, baada ya mimi kuzima: Mwalimu, tumekosea nini?

Chini ya hapo hapakuwa na neno tena. Sita walikuwa wamekwisha kujiondoa katika kikundi.

"Waandikie, Afande."

"Rejista ni ya wino. Haifutwi."

"Nani amekuambia ufute? Mtoto wa watu amekuuliza swali."

Akaenda kupika. Nilisoma tena swali la Goretti. Kisha nikafunga tai, nikaandika kwa kidole kimoja: Aliyekosea ni mwalimu. Chini yake nikaongeza jina langu, kama anayeitwa: Okwir. Nipo.

Saa kumi na moja ikapita, hakuna aliyejibu. Kwa Nafuna walikuwa wanakula, nasikia sahani. Kioo kilipozimika nilikigusa kiwake tena. Tai sikuivua.