Jarida la Kufunuliwa kwa Kiwiko

Mtu akikuambia kazi ya kupanga kurasa za jarida ni kukaa mezani na kusogeza picha huku na huku, jua huyo hajawahi kukaa chini ya draya na rola ishirini na nne kichwani, kucha mbichi, miwani mfukoni, huku shangazi yake anacheka mpaka anashika ukuta. Mimi nimekaa. Naitwa Braulin, nina miaka ishirini na mbili, na kabla ya siku hiyo masharubu yangu yalikuwa yameanza kunipatia heshima kidogo hapa mtaani kwetu, Villa Consuelo.

Chanzo ni Fausto.

Jarida letu, Sábado Lindo, yaani Jumamosi Nzuri, ni la saluni. Halipelekwi kwingine. Linachapwa kwa ajili ya mwanamke wa mji wetu wa Santo Domingo ambaye Jumamosi asubuhi anaingia saluni nywele zimesimama na kutoka alasiri zimelala, na katikati hapo ana saa nne za kuua. Miaka miwili nimelipanga peke yangu. Mwaka huu saluni zikaanza kuturudishia mafurushi hata kamba haijafunguliwa. Moja ilitushukuru kabisa, ikasema nakala sita zinatosha vizuri chini ya mguu mfupi wa meza.

Mwenye jarida, Doña Nereida, ni mama mfupi ambaye hapandishi sauti, na ndiyo maana tunamwogopa. Akamleta mpwa wake kutoka Madrid. Fausto alishuka na cheti cha usanifu kwenye fremu na skafu shingoni. Agosti, joto la Santo Domingo, skafu. Nilimuuliza kama anaumwa koo, akanijibu kwa upole kwamba hayo ni mavazi, kaka.

Meza ya kupangia kurasa ni moja tu pale ofisini, kwa hiyo Doña Nereida akatoa amri. Tupewe habari zilezile na picha zilezile za ndani, kila mmoja apange nakala yake na jalada lake. Jumamosi nakala zote mbili ziwekwe kwenye saluni ya shangazi yangu Miguelina, wateja wasiambiwe kitu. Yeye atakuja alasiri kuamua. Mmoja atabaki na meza, mwingine ataondoka.

Nikamuuliza atajuaje ipi imesomwa.

"Madoa," akasema. "Jarida lililosomwa lina kahawa, lina mafuta ya sambusa za pastelito, lina rangi ya kucha. Jarida safi ni maiti. Nitahesabu madoa, basi."

Kwangu hiyo haikuwa mchezo. Mjomba wangu Porfirio ana duka kwenye kona, na tangu nimalize sekondari ananisubiri nikakate salami. Alishanishonea aproni. Ina jina langu kifuani kwa uzi mwekundu, na ua kila upande. Ameitundika nyuma ya mizani, na kila nikipita ananinyooshea kidole, kisha anainyooshea aproni.

Fausto alimaliza kazi yake kwa siku mbili. Nakubali, ilikuwa inapendeza. Karatasi nzito inayong'aa, herufi za kijivu nyembamba kama miguu ya sisimizi, na katikati ya kila ukurasa uwanja mweupe ambao ungeweza kuchezea besiboli. Nikamuuliza mbona kurasa ziko tupu.

"Ukurasa lazima upumue, kaka."

Nikamwambia huu haupumui, huu umezimia. Kwenye jalada alimweka msichana mweupe, mwembamba, nywele zimenyooka kama maji, anatazama pembeni kama mtu anayesikia harufu ya wali unaoungua kwa jirani.

Mimi sikuwa na wazo lolote. Ndiyo sababu Jumatano mchana, saluni ikiwa haina mtu, nilimwomba shangazi anifanye mteja. Nilidhani atanikalisha tu. Shangazi Miguelina hafanyi kazi nusu. Aliniosha, akanifunga rola, akanipaka kucha rangi ya tikiti, akanitia midomo rangi nyekundu ambayo sikuiomba, akanishushia draya kichwani na kuniwekea jarida letu la mwezi uliopita mapajani. Kisha akaniambia nisome.

Sikuweza. Miwani nilikuwa nimeivua kwa sababu fremu inapata moto na kuchoma masikio. Shingo haiinami, kofia ya draya imeishika, kwa hiyo chochote kilichoandikwa chini ya ukurasa ni cha magoti kusoma. Kugeuza ukurasa huwezi, kucha mbichi. Kumwomba jirani akugeuzie huwezi, draya inavuma hakusikii. Nilikaa dakika arobaini nikitazama sentensi moja isemayo "inaendelea ukurasa wa 31." Mimi mwenyewe ndiye niliyeiandika. Nilijichukia.

Usiku na mchana nikalipanga upya. Herufi kubwa, nyeusi. Vichwa vya habari juu kabisa. Kila habari inaanza na kwisha kwenye kurasa mbili zinazotazamana, hakuna cha inaendelea. Na kona ya chini ya kila ukurasa wa kulia nikaikata mshazari na kuigandishia kadi ngumu nyuma, ili mtu aisukume kwa kiwiko na ukurasa ujifunue wenyewe.

Likabaki jalada. Nilitaka mwanamke mwenye rola kichwani, maana ndiye msomaji. Sikumpata. Wanawake wa mtaa wetu Jumamosi wanavuka barabara na rola zao, wanachagua ndizi za kuponda za mangú, wanagombana na mwuza ndizi, wanarudi taratibu kama malkia. Lakini taja kamera uone wanavyokimbia. Wanne walinikatalia, wa tano akanitishia kwa kandambili.

Basi shangazi akaleta picha aliyonipiga Jumatano bila mimi kujua. Rola ishirini na nne, miwani myeusi ya kwake aliyonivisha aliponitoa chini ya draya, jarida limeinuliwa kwa viganja mpaka juu ya mdomo na kuficha masharubu, vidole vyenye rangi ya tikiti vimetanuka hewani. Kwa kweli nilikuwa mwanamke mzuri tu. Chini yake nikaandika: Usinisumbue, Bado Nakauka.

Jumamosi saa tatu nakala zote mbili zilikuwa mezani. Mimi nilikaa karibu na mlango nikikunja taulo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Fausto alisimama dukani kwa mjomba, ng'ambo ya barabara, na skafu yake na kikombe cha kahawa. Nyuma yake niliiona aproni.

Nakala yangu ilichukuliwa kwanza. Aliyeichukua ni Doña Leocadia, mwalimu mstaafu, aliyenifundisha darasa la pili na la tatu na kunisimamisha kwenye kona kwa jumla, nikipiga hesabu, kama mwaka mmoja. Alilitazama jalada kwa muda mrefu. Halafu akaenda nalo safu ya nyuma, akajiweka chini ya draya ya katikati, na hakulirudisha tena.

Nakala ya Fausto ilizunguka. Mama wa Mungu, ilivyozunguka. Ilitoka mkono hadi mkono, wanawake wanaiinamia wawili wawili, wanacheka, wanaonyeshana. Kila ikipita mbele yangu naona doa jipya. Jekundu. La zambarau. Mengine mawili ya waridi. Saa sita ilikuwa imechafuka kama nguo ya kanivali. Nikajifanya napeleka taulo nyuma nikachungulia yangu. Nyeupe, safi, kama kitambaa cha altare. Hata kahawa haikudondokea. Doña Leocadia alikuwa nayo mapajani, na midomo yake ilikuwa inatembea, madraya yakimeza sauti, labda anasali.

Saa tisa Doña Nereida akaingia. Ili asijulikane, akaomba kuoshwa na kufungwa rola kama mteja yeyote, akakaa draya ya mbele. Nilijua akitoka hapo anahesabu. Na nilijua hesabu.

Sasa hapa sijisifu. Nilichukua chupa ya rangi nyekundu kwenye trei ya shangazi, nikaificha ndani ya taulo, nikaenda safu ya nyuma nimeinama kama mtu aliyeangusha kitu. Madraya yote yalikuwa yanavuma. Doña Leocadia alikuwa amefumba macho, jarida liko kwenye stuli pembeni yake. Nikafungua chupa. Nikawaza madoa kumi yatatosha, kumi na tano yatatia shaka. Nikashusha brashi juu ya ukurasa wa nne.

Umeme ukakatika.

Wa kwetu mnajua ukimya ule. Madraya manane yalizimika pamoja, feni ikafa, redio ikafa, hata mbwa wa nje akashangaa. Na katikati ya ukimya huo, Doña Leocadia, ambaye siku nzima alikuwa anapiga kelele kushinda mashine na koo lake halijapata habari kwamba mashine imezimika, akafumbua jicho moja, akasema kwa sauti ya kufika bandarini:

"Braulin, ukilitia doa jarida langu nakuvunja vidole."

Vichwa vyote vya rola vikageuka. Cha Doña Nereida pia. Alisimama, akaja polepole, akaiona chupa, akaiona brashi, tone jekundu linaning'inia halijaamua. Alilichukua jarida, akalifunua kurasa tatu, akasema kwa sauti yake ileile ya chini kwamba ni safi. Fausto alishavuka barabara, amesimama mlangoni ananyoosha skafu.

"Ni safi kwa sababu hatulishiki," akasema Doña Leocadia. "Tuna akili. Hebu lilete hapa."

Akamnyang'anya. Akamwonyesha kiwiko, akasukuma kona, ukurasa ukajifunua peke yake. Akaeleza kwamba tangu saa nne anaisomea safu nzima ya nyuma, kwa sauti, kwa kuwa herufi anaziona bila miwani mara ya kwanza tangu astaafu, na hakuna aliyehitaji kidole. Doña Nereida akamtazama mama wa draya ya pembeni, akamuuliza wamesoma nini. Hapo ndipo alipokosea, maana hakupata tena nafasi ya kusema. Ilikuwa ile habari ya mjane wa mji wa Baní aliyeposwa na daktari wa meno mdomo ukiwa wazi na koleo ndani. Mmoja akasema mjane alifanya vizuri kukubali, kwani mwanamume aliyekuona hivyo hana cha kushangaa tena. Mwingine akasema ni ushamba, angengoja ganzi iishe kwanza. Wa tatu aliwaambia wote wawili wanyamaze, swali ni je, jino aling'oa au hakung'oa, na hilo limeandikwa pale pale, mstari wa mwisho.

Doña Nereida akaenda meza ya mbele akaichukua nakala ya Fausto, yenye habari hiyohiyo, inayoanzia ukurasa wa nne na kumalizikia wa thelathini na moja. Akawauliza waliokuwa nayo kutwa nzima: je, jino?

Msichana mmoja aliyekuwa anapuliza kucha akajibu kwa adabu.

"Hilo siyo la kusoma, doña. Hilo ni la kujaribia rangi."

Akamfunulia. Kwenye ule uwanja mweupe wa Fausto kulikuwa na madoa yamepangwa safu kwa safu, na kando ya kila doa jina limeandikwa kwa penseli ya nyusi: Yudelka, ya harusi. Mayerlin, hapana, nimefanana na ini. Akaongeza kwamba karatasi yake ni nzuri mno, hainyonyi, rangi inabaki kama ilivyo kwenye chupa, na kama kuna mengine walete.

Fausto alikuwa amelegeza skafu. Mara ya kwanza nikaona ana shingo.

Doña Nereida aliyahesabu madoa yote, hata hivyo, kwa sababu alishasema atayahesabu. Arobaini na moja. Yangu sifuri. Akazifunga nakala mbili, akazishika moja kila mkono, na mimi tayari nilishaanza kuisikia kamba ya aproni kiunoni.

"Miaka thelathini nimehesabu madoa," akasema. "Kumbe nilikuwa nahesabu kucha."

Kisha akanigeukia. Alisema nilitaka kumdanganya. Nikasema ndiyo. Alisema na kumdanganya kwenyewe ningeharibu kitu pekee cha maana nilichowahi kumfanyia. Nikasema ndiyo, doña, na nikaifunga chupa. Meza ikawa yangu. Fausto naye hakuondoka: akapewa ukurasa mmoja kila toleo, wa karatasi ileile nzito, mtupu kabisa, wa kujaribia rangi. Anaupanga kwa moyo wote. Huwa anachukua siku mbili. Namwambia kila mwezi kwamba ndugu yangu, huo ndio ukurasa unaopumua kuliko yote nchini, na naona ameanza kuniamini.

Umeme uliporudi nilikwenda safu ya nyuma kumshukuru mwalimu wangu na kuomba nakala yangu, maana kiwandani wanakochapa jarida wanaihitaji. Alikuwa ameshaiingiza kwenye mkoba na kufunga zipu. Akaniambia hajamaliza, nichape nyingine. Draya ikaanza kuvuma. Akaniashiria niiname, akanisogezea mdomo karibu.

"Na yule binti wa kwenye jalada," akasema, "mwambie siku nyingine asafishe masikio. Nimeyavuta miaka miwili, nayajua."